Visiwa vya Kilwa kwa kila msimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo wasafiri wa Mtwara, Lindi na wanaoshuka kutoka Dar es Salaam huyarudia kila wanapopanga kuvuka kwenda visiwani Kilwa. Saa zote zilizotajwa ni za Kiswahili. Jibu likishatolewa mahali, utaelekezwa namba ya swali badala ya kurudiwa.

## Mambo ya mwanzo

1. "Visiwa vya Kilwa" ni vipi hasa?

Ni makundi mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza liko mbele ya mji wa Kilwa Masoko: Kilwa Kisiwani, Sanje ya Kati na Songo Mnara, vikiwa vimekaa karibu karibu katikati ya mikoko na maji yaliyokingwa. Huku ndiko kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. La pili ni Songosongo na visiwa vidogo vinavyokizunguka, kikiwemo Fanjove chenye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Hivi viko kaskazini zaidi, kwenye bahari ya wazi.

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda kundi la kwanza. Songosongo ni kisiwa cha wavuvi na mtambo wa gesi iliyoanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Uzuri wake uko kwenye miamba na maji, na safari yake inataka hali ya hewa nzuri na muda wa akiba.

2. Nitenge siku ngapi?

Kilwa Kisiwani pekee kunatosha siku moja: kuvuka asubuhi na kurudi alasiri. Ukiongeza Songo Mnara, tenga siku mbili za bahari na moja ya akiba, kwa sababu Songo Mnara hufuata maji na si ratiba yako (angalia swali la 6). Wanaojaribu kuvibana visiwa vyote viwili katika siku moja huishia kuona kimoja na nusu, na hiyo nusu huwa ya kukimbizana na maji.

3. Nafikaje Kilwa Masoko?

Njia panda ni Nangurukuru, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara. Ni takriban kilomita 300 kutoka Dar, na kutoka Mtwara ni zaidi kidogo ya 250. Yapo mabasi yanayoingia mpaka Masoko kutoka Dar, mengi yakianzia Mbagala. Ukitoka Mtwara au Lindi panda basi lolote la Dar, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Nangurukuru, kisha chukua daladala au gari dogo kwenda Masoko. Nauli ulizia kwa abiria wenzako kabla gari halijasimama.

Chukua basi la alfajiri. Ukifika Masoko mchana unapata muda wa kushughulikia kibali na kuongea na nahodha siku hiyo hiyo. Ukifika usiku, umepoteza asubuhi ya kesho.

4. Kibali kinapatikana wapi?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na kibali hushughulikiwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Utapewa namba ya malipo ya serikali na utalipa kwa simu au benki. Mtanzania na mgeni hawalipi kiwango kimoja, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Bila hicho, kuthibitisha uraia kunageuka mjadala usio na sababu. Hifadhi risiti, na uvuke nayo.

Unayetaka kuvuka Jumapili, malizia kibali Ijumaa. Mtandao ukigoma wikendi hakuna wa kumlilia.

## Msimu, upepo na maji

5. Msimu upi ni mzuri kuliko yote?

Inategemea unakwenda kufanya nini. Kila msimu una kazi yake.

Kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na joto kali na jasho, na huku kusini ndio msimu wetu wa mvua: Lindi na Mtwara hupata mvua za msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili, tofauti na Dar yenye vuli na masika. Hata hivyo mvua haipigi kila siku, na kati ya mvua moja na nyingine bahari hutulia sana asubuhi. Majani huwa yamepanda juu ya magofu, hivyo vaa suruali ndefu.

Mwisho wa mvua, Machi hadi mapema Mei, ndio wakati ambao hatungemshauri mgeni aje bila sababu. Upepo unageuka, mito inashusha tope baharini, na vimbunga vya Bahari ya Hindi husogea karibu na pwani yetu nyakati hizi. Kimbunga Hidaya kilifika mapema Mei 2024.

Kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, hali ni kavu na ya ubaridi kidogo. Kutembea magofuni ni raha: jua halichomi, majani yamekauka, mbu wamepungua. Shida ni bahari. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, hasa kuanzia saa tano asubuhi, na safari ya Songosongo inaweza kuahirishwa siku kadhaa mfululizo.

Matlai, kati ya Oktoba na katikati ya Novemba, ni kipindi cha upepo mwepesi, maji safi na mvua bado. Ukiwa huru kuchagua, chagua hapa. Lakini weka nafasi ya kulala mapema (swali la 9).

6. Kwa nini kila nahodha ananiuliza mwezi uko wapi?

Kwa sababu mwezi ndio unaopanga saa ya kuondoka. Hili ndilo kosa kubwa la wageni: wanachagua tarehe kwa kuangalia likizo na mvua, wanasahau maji.

Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwandamo, mpevu na siku chache baada yake, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, tofauti huwa ndogo.

Sasa ilete kwenye safari. Songo Mnara hufikiwa kupitia mikoko. Ukienda siku ya mwezi mpevu na kuondoka Masoko saa mbili asubuhi, utafika maji yakiwa yamekwisha kukauka, na utatembea kwenye tope hadi magotini huku chombo kikibaki mbali. Tarehe zinazofaa ni ya 5 hadi ya 8 na ya 20 hadi ya 23 za mwezi wa Kiislamu, maji yanapojaa kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Bora zaidi ni ya 5 na ya 6, au ya 20 na ya 21: maji bado yana nguvu ya kupanda ndani ya mikoko, wakati ya 8 na ya 23 huwa mafu na chombo kizito hakisogei sana.

Anayetaka kuogelea kwenye mafungu ya mchanga au kutembea juu ya mwamba, yeye atafute bamvua. Mafungu hutoka majini asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kisha yanafunikwa. Ndiyo maana "tarehe nzuri" ya rafiki yako inaweza kuwa mbaya kwako.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kupangia wiki. Kwa kupata saa kamili, tumia jedwali la maji kupwa na kujaa, kisha uthibitishe na nahodha.

7. Mvua ikinyesha, safari imeharibika?

Mvua peke yake haizuii. Kinachozuia ni upepo na mawimbi, na vilevile radi ukiwa kwenye chombo chenye mlingoti. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani, na hutaja mikoa kwa majina. Lindi ikitajwa kwenye tahadhari, usivuke kwenda Songosongo wala Songo Mnara. Kilwa Kisiwani, kwa kuwa mkondo wake ni mfupi na umekingwa, mwachie nahodha aamue.

8. Nyangumi wanaonekana lini?

Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya kusini takriban Julai hadi Oktoba. Wanaonekana nje, kwenye maji ya kina, kwa hiyo unahitaji boti ya mashine na siku yenye bahari tulivu. Septemba na Oktoba huunganisha vyote viwili. Zima au punguza mashine ukiwaona na usiwafukuze. Mama mwenye mtoto akihisi kubanwa huzama, na umepoteza safari.

9. Kwa nini nyumba za wageni hujaa ghafla?

Kilimo. Kuanzia Oktoba minada ya korosho huleta wanunuzi, madereva wa malori na pesa, na vyumba vya Mtwara na Lindi hupanda bei. Kilwa na Lindi pia hushika moto wakati wa minada ya ufuta katikati ya mwaka. Wiki ya kwanza ya Agosti, maonesho ya Nanenane viwanja vya Ngongo hujaza mji wa Lindi. Piga simu kabla, na tuma kianzio kwa simu ili chumba kisiuzwe.

10. Naweza kwenda Ramadhani?

Unaweza, ila mchana vibanda vya chakula visiwani hufungwa, na nahodha wako pengine amefunga. Ondoka mapema zaidi, rudi kabla ya saa tisa, na usile wala kunywa hadharani kijijini. Mwezi huo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usitumie kumbukumbu ya mwaka jana.

## Chombo, nahodha na mzigo

11. Mashua ya tanga au boti ya mashine?

Kwenda Kilwa Kisiwani, tanga linatosha kabisa. Mkondo ni kama kilomita mbili, dakika 20 hadi 40 kwa upepo wa kawaida. Vipo vyombo vya wenyeji vinavyovusha kwa nauli ndogo, vinaondoka vikijaa. Ukikodi peke yako unalipia nafasi zote.

Songo Mnara iko kusini ya Kisiwani. Wakati wa kusi unakwenda ukipingana na upepo: kwa tanga ni kupiga bisha, yaani kwenda kwa kukata kona kona, saa tatu au zaidi, kisha kurudi ni haraka. Wakati wa kaskazi ni kinyume: unakwenda vizuri na jioni, ukiwa umechoka, ndipo unapigana nao. Kwa boti ya mashine hesabu saa moja hadi saa moja na nusu kila upande. Mwambie nahodha apite njia ya ndani, nyuma ya Sanje ya Kati, maji yakiruhusu. Ni tulivu zaidi.

12. Tunakubalianaje bei na mafuta?

Kubalianeni mambo manne kabla ya kusogea: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, mafuta yamo au hayamo, mtakaa kisiwani muda gani, na nani anamlipa baharia. Kawaida ni kutanguliza nusu ili nahodha anunue petroli, na nusu baada ya kurudi salama. Usilipe yote mwanzoni.

Hesabu ya mafuta ifanye mwenyewe. Mashine ya nguvu farasi 15 ikikimbizwa hula lita tano hadi sita kwa saa. Kwenda na kurudi Songo Mnara kwa saa tatu ni lita 15 hadi 18, na juu yake ongeza nusu ya kiasi hicho iwe akiba. Dumu la lita 20 peke yake halitoshi siku yenye upepo. Angalia dumu kwa macho, usiambiwe tu.

13. Nikague nini kabla ya kupanda?

Jaketi okozi moja kwa kila mtu, zenye mikanda inayofunga. Zilizofungwa kwa kamba chini ya mzigo hazihesabiki. Kopo la kuchotea maji yanayoingia chomboni. Nanga na kamba yake. Kasia au pondo, mti wa kusukumia chombo, kama mashine itazima. Pini ya akiba ya pangaboi na spana ya plagi: mashine nyingi zinazokwama hapa zimepiga pangaboi kwenye mchanga zikakata pini, au petroli imeingia maji. Simu mbili za mitandao tofauti, zimechajiwa.

Hakikisha pia idadi ya watu. Chombo kikishuka mpaka ubao wa juu uko karibu na maji ungali bandarini, huko nje kitaingiza maji.

14. Nibebe nini?

Maji lita tatu kwa mtu kwa siku. Visima vya visiwani vina chumvi. Viatu vya yeboyebo vyenye mkanda wa nyuma, kwa kuwa ndala zitabaki kwenye tope la mikoko na miguu mitupu itakutana na chaza wanaokata kama wembe. Kofia, nguo ya mikono mirefu, kanga au kikoi, dawa ya mbu na chandarua ukilala. Noti ndogo ndogo.

Simu na kamera viweke ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Inaelea, haipitishi maji, na ni kiti kizuri. Mifuko ghali ya madukani haifanyi zaidi ya hapo.

## Ukiwa kisiwani

15. Kilwa Kisiwani nianze wapi?

Unashukia karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 na iliyopo leo ni ya wakati wa Waomani. Wengi hupiga picha hapo hadi jua limepanda. Tunashauri uanze mbali kwanza: tembea hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya genge linalotazama bahari, ukaone bwawa lake la pembe nane. Njia haina kivuli kingi, hivyo ifanye asubuhi. Kisha rudi polepole hadi Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na upanuzi wenye kuba ni wa karne ya 14, halafu jumba la Makutani na makaburi. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, Kilwa ikiwa inatawala biashara ya dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo.

Hesabu saa tatu hadi nne pamoja na mwongozaji. Mchukue mwongozaji, bila yeye utaona kuta tu.

16. Songo Mnara kuna nini cha ziada?

Nyumba. Kisiwani kumebaki zaidi misikiti na majumba ya watawala, lakini Songo Mnara unaona mji wa karne ya 14 na 15: vyumba, nyua, milango ya matumbawe yaliyochongwa, misikiti na ukuta. Kaa saa mbili na nusu, usizidishe, maana maji uliyokuja nayo yanaondoka.

17. Nivaeje, na vipi kuhusu picha?

Ni vijiji vya Waislamu. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke awe na kanga karibu. Salimia wazee kwanza, shikamoo kabla ya swali lolote. Usipige picha ya mtu bila kumwomba. Usipande juu ya kuta wala kukalia makaburi. Mengine watu bado huyazuru kwa dua. Ndege ya kamera isiyo na rubani inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha TAWA pia.

18. Nimeokota kigae na shanga. Si ni takataka tu?

Rudisha ulipokitoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua, na mtafiti hujifunza kutokana na mahali kitu kilipolala. Usinunue hata sarafu "za Kilwa" unazonong'onezewa bandarini. Magamba ya kasa pia usiguse.

19. Kula na kulala je?

Kilwa Kisiwani unaweza kupikiwa wali wa nazi na samaki au pweza ukiagiza kabla ya kuanza kuzunguka, usitarajie mgahawa. Songo Mnara beba kila kitu. Kulala, wengi hurudi Masoko. Ukitaka kulala kijijini Kisiwani, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji na mwongozaji wako, mchana.

## Mambo yanayotokea mara chache

20. Nina mtoto mdogo au mzee asiyeweza kutembea majini.

Kisiwani inawezekana ukifika na kuondoka maji yakiwa juu. Songo Mnara tusingemshauri mtu asiyeweza kupanda ubavu wa chombo mwenyewe. Jaketi la mtu mzima halimshiki mtoto, litampanda kichwani. Tafuta la kwake kabla. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, si visiwani.

21. Naona bahari imechafuka, lakini nahodha anasema twende.

Usiende. Upande wa pili pia ni kweli: nahodha akisema haiendeki, usimwongezee pesa abadili mawazo.

22. Chombo kimepwelewa kwenye mchanga. Tufanyeje?

Kama maji yanapwa, mna dakika chache: shukeni wote, sukumeni kuelekea kwenye kina, mashine ikiwa imeinuliwa. Ikishindikana, acheni. Tupeni nanga upande wa kina, kaeni kivulini, subirini. Tangu maji kufika chini hadi kujaa tena ni takriban saa sita, ila mara nyingi chombo huinuka baada ya saa tatu au nne. Msiwashe mashine kwenye maji ya magotini, itanyonya mchanga na kuziba njia ya kupoza. Mpigie simu mtu wa Masoko mwambie mko wapi kabla giza halijaingia.

23. Barabara imekatika na mvua.

Ilitokea Mei 2024 eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Anayetoka Dar asubiri. Anayetoka Mtwara au Lindi haguswi na mkatiko ulio kaskazini ya Nangurukuru. Safari za Machi hadi Mei weka siku mbili za ziada na usikate tiketi ya ndege inayobana.

24. Naweza kuunganisha Kilwa na Mafia kwa boti?

Hakuna usafiri wa abiria wa ratiba. Mafia ni mkoa wa Pwani, na kivuko chake huondokea Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Panda basi kuelekea Dar, ukavukie huko. Kudandia chombo cha mizigo usiku kwenye bahari ya wazi si njia ya mkato.

25. Niko Mtwara na nina siku moja tu.

Kilwa haiwezekani. Vuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, ukae ufukweni hadi jioni. Ukiwa na gari, nenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio cha hifadhi, na ulizia huko huko boti ya visiwa kama Namponda na Mongo. Kuko karibu na mpaka wa Msumbiji: beba kitambulisho, uliza hali ya usalama kabla ya kutoka mjini, usipige picha mitambo ya gesi. Barabara ya mwisho ina mchanga mzito, gari dogo litazama. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani na beba pampu ya kuujaza tena.